Mtungi wa Nani Huu?

Mimi ni mtu wa hasira, na sitaki mtu aje baadaye kusema nilificha hilo. Hapa sokoni Ekalakala wakinipenda wananiita Mama Mwangangi. Wakinichoka wananiita Pilipili. Nauza chai na muthokoi, yale mahindi ya kukoboa na maharagwe, kwenye kibanda kilichobanana na kioski cha maji, ukuta kwa ukuta, hata Peris akikohoa kule ndani mimi huku namwambia pole. Kwa hiyo nikikueleza habari za Peris usiniulize niliambiwa na nani. Nilikuwepo. Na mengine niliyasema mwenyewe kwa mdomo huu, ndiyo maana nataka kuyaeleza.

Peris ni binti wa Nzisa, yule wa mguu mmoja. Mguu wa Nzisa ulichukuliwa na mamba kule bwawani, mwaka ambao mvua ilikataa kabisa, alipokuwa amepiga magoti kwenye matope anachota maji. Wanawake wenzake walimvuta mpaka wakamtoa, lakini mguu ulibaki huko. Peris alikuwa kidato cha pili. Akaacha shule, akashika mtungi wa mama yake, akawa anaenda bwawa lile lile, mahali pale pale, kwa sababu pengine hapakuwepo. Miaka minne. Msimu wa maembe ukifika alikuwa anaenda Matuu kuuza, jioni anarudi na unga. Sikuwahi kumsikia akilalamika, na mimi kwa kulalamika ni mtaalamu, ningemsikia.

Basi mradi wa maji ukaja. Kisima kikachimbwa, tangi likapandishwa juu ya nguzo, kioski kikajengwa, na Peris akaajiriwa kufagia. Kufagia tu, na kufungua kufuli asubuhi. Aliyeweka mitambo alikuwa fundi mmoja anaitwa Musili, mtu wa Kola, mrefu, mpole, aliyeongea na kompyuta kama unavyoongea na ng'ombe unapomkama.

Mpango wenyewe ni hivi. Kila nyumba iko na kadi. Unagusisha kadi kwenye bomba, bomba linauliza kompyuta iliyo ndani ya kioski, "Huyu ana lita?" Kompyuta ikisema ndiyo, taa ya kijani inawaka na maji yanatoka. Ikisema haikujui, taa inakuwa nyekundu. Isiposema kitu, hakuna taa, hakuna maji, unaangaliana na bomba. Koki za kufungua kwa mkono zilikuwepo mwanzoni tu, zikaondolewa kwa sababu tuliibiana maji mpaka tukafikishana kwa chifu. Aibu ilikuwa yetu wenyewe.

Humo ndani ya kompyuta kuna programu inayojibu mabomba. Musili aliiita seva. Siku ya kufungua mradi wakubwa walipita, wakachungulia, wakasema "sawa, sawa," wakaenda kula. Peris aliegemeza ufagio ukutani akauliza, "Seva inajuaje kuna bomba linauliza?"

Musili akageuka. "Kwa sababu linabisha hodi mlangoni."

Akamweleza, na mimi ng'ambo ya ukuta nikasikia. Kompyuta ina milango mingi, maelfu, na kila mlango una nambari. Wenyewe huita poti. Mabomba yetu yamefundishwa kubisha mlango mmoja tu, elfu nane na themanini, na seva inakaa nyuma ya mlango huo ikisikiliza. Mlango mmoja unakaliwa na mmoja. Wawili hawatoshi.

Kesho yake Peris alikuja na daftari. Kwa miezi minane, kila saa ya chakula, Musili alimfundisha. Mimi nilikuwa nasikia neno moja tu likirudiwa: "Soma. Usiruke. Soma ulichoandikiwa." Nilichoka nalo mpaka nikaliota. Mwishowe Musili akamwachia kazi ya kuamsha seva kila asubuhi, kwa mkono, maneno kwa maneno, ili jicho la mtu liipitie kila siku. Jioni anaizima. Kompyuta yenyewe haikuzimwa kamwe, inakula jua kupitia betri. Na msichana wa kufagia akawa mwangalizi wa kioski, ingawa ufagio hawakumnyang'anya.

Halafu Musili akahamishwa kwa mradi mwingine, mbali huko kaskazini, mahali ambapo simu inashika ukipanda kilima. Siku aliyoondoka Peris hakuwepo, alikuwa amempeleka mama yake hospitali. Musili alipita kwangu, akaketi, nikamwekea chai. Akasema, "Mama Mwangangi, huyu Peris mwachieni aendelee kujifunza. Nimemwekea kitu humo ndani, umwambie..." Nikamkata. Nilimwambia chai inapoa na gari litamwacha, hayo mambo ya kompyuta apeleke kwa wenye kompyuta. Akacheka, akanywa, akashukuru, akaenda. Nami nikasahau, nikasahau kabisa, kama mtu anavyosahau nzi aliyemfukuza.

Sasa, kabla sijaendelea, lazima ujue desturi yetu ya mitungi. Hapa kwetu hakuna mtu anayesimama foleni tangu alfajiri. Nani ana muda huo? Mtungi unasimama kwa niaba yako. Unauweka kwenye mstari, unaenda zako shambani, ukirudi unaukuta wenzako wameusogeza mbele. Mtungi ni mtu. Ukifika bombani ukakuta mtungi mtupu umekaa na mwenyewe hayupo, huupigi teke. Unauliza kwa sauti, "Mtungi wa nani huu?" Unauliza mara tatu. Mwenyewe asipoitika, unausogeza kando kwa upole, ukiwa wima, na nafasi yake inabaki yake. Kuna mwanamke mmoja, ameolewa hapa kutoka mbali, aliyepiga teke mtungi wa mtu mwaka juzi. Mpaka leo akija kununua chumvi watu wanaangalia kando.

Ilikuwa Septemba, kiangazi kimekaza, Jumamosi, betri ikafa. Kompyuta ikazimika, mara ya kwanza tangu Musili aondoke. Jumapili tulimaliza yaliyokuwa yamebaki nyumbani. Jumatatu asubuhi betri mpya ikaletwa, ikafungwa, kompyuta ikawaka, sote tukapumua. Mitungi ilikuwa imepangwa kutoka bombani mpaka kwa kinyozi.

Nyumbani kwangu hapakuwa na maji hata ya kusukutua mdomo. Niko na mke wa mwanangu, Ndinda, na wakati huo alikuwa na mimba ya miezi minane. Mwanangu Mwangangi yuko Mavoko, kiwandani. Mimi magoti yangu yananifikisha hapa kibandani, basi, hayaendi zaidi. Ndinda alikuja na mtungi wake, akaketi kwenye benchi langu, akasema bila kupandisha sauti, "Mama, saa sita ikifika kama bomba halijafunguka, nitaenda bwawani."

"Huendi."

"Sasa tutakunywa nini?"

Niliangalia lile tumbo, nikamwona Nzisa amepiga magoti kwenye matope. Niliogopa, na mimi woga wangu hautokagi kama woga. Hutoka kama hasira, na hasira hutafuta mtu wa karibu.

Saa mbili Peris akaandika maneno yake ya kuamsha seva. Ikakataa. Nilimsikia akisema "aa" kidogo, halafu akaandika tena, halafu tena. Nikazunguka mpaka mlangoni kwake.

"Ni nini?"

"Inasema mlango tayari unatumika."

"Na nani?"

"Haijasema."

"Basi iambie atoke."

Alitabasamu kidogo, lakini macho yalikuwa kwenye kioo cha kompyuta. Kwanza alifanya jambo ambalo hata mimi ningefanya: aliipa seva mlango mwingine, unaofuata, elfu nane na themanini na moja. Ikaamka vizuri. Kwenye kioo kila kitu kilikuwa safi, majina ya watu yamejipanga. Akatoka mbio na kadi yake, akaigusisha bombani. Taa nyekundu. Akarudi ndani akijipiga paji la uso. Seva imehamia mlango wa pili na mabomba hayana habari, yanaendelea kubisha ule wa kwanza.

Halafu akasimama katikati ya mlango, akarudi bombani polepole, akagusisha tena. Nyekundu.

"Mama Mwangangi," akasema, "hii taa ni nyekundu."

"Naiona. Unafikiri mimi ni kipofu?"

"Seva isipokuwepo taa huwa haiwaki. Nyekundu ni jibu. Kuna mwingine huko ndani amekaa kwa mlango wetu, anajibu watu hawajui."

Peris akaizima seva, akafungua daftari. Kuna maneno ya kuuliza kompyuta ni nani amekaa nyuma ya mlango fulani, naye aliyaandika. Kila programu inayofanya kazi hupewa nambari yake, na kompyuta ikamjibu: aliyekaa ni elfu moja mia moja na arobaini na mbili. Peris akamtoa. Akauliza tena. Mlango umekaliwa tena, nambari nyingine. Akamtoa na huyo. Kabla hajainua kidole, wa tatu amekaa.

"Namtoa, anarudi," akasema.

"Hiyo ni pepo," nikasema. Na nilikuwa namaanisha.

Saa nne akaja mwenyekiti wa kamati, Musembi, na pikipiki yake, simu mkononi imewekwa sauti ya juu. Kwenye simu alikuwa fundi fulani wa mjini, mtu ambaye hajawahi hata kuona hii kompyuta yetu. Yule fundi alisema hivi, nilisikia kwa masikio yangu: "Hiyo msihangaike nayo. Futeni kompyuta yote. Nitawatumia programu mpya, alasiri mtakuwa na maji."

Peris akauliza, "Na lita za watu? Zote ziko humo ndani."

"Mtaandikisha watu upya."

Musembi akaangalia ule mstari wa mitungi. Kuna watu walikuwa na lita za miezi kwenye kadi, wameziweka kwa ajili ya kiangazi hiki hiki. Lakini pia kulikuwa na watoto wenye midomo mikavu. Alikuwa karibu kukubali. Na hapo mimi, Katunge, mama wa Mwangangi, mshirika wa kanisa, nikafungua mdomo wangu.

"Futeni," nikasema. "Huyu ni msichana wa kufagia, na nyinyi mmemwachia maji ya watu. Peris, mamba alikula mguu wa mama yako. Unataka sasa ale na mjukuu wangu?"

Soko lote lilisikia. Kinyozi alizima mashine yake. Ningekuwa na uwezo wa kurudisha maneno yale ningeyala na mchanga wake. Peris alishika daftari kifuani kwa mikono miwili, akamgeukia Musembi.

"Mwenyekiti, naomba mpaka saa sita. Hatujauliza ni wa nani."

"Wa nani nini?"

"Huo mtungi. Kuna mtungi umekaa kwa bomba letu. Nimeupiga teke mara mbili, na sijauliza ni wa nani."

Musembi hakuelewa. Lakini foleni ilielewa. Nilisikia mnong'ono ukipita kutoka bombani mpaka kwa kinyozi, na susu mmoja, bibi mzee kule nyuma, ambaye sikuwa najua hata kama anasikia vizuri, akasema, "Mwachie aulize. Hata ungekuwa wangu, ningetaka waulize." Musembi akaangalia saa yake. Akasema sawa, mpaka saa sita.

Peris akaingia ndani. Nikarudi kibandani kwangu, nikakaa nyuma ya sufuria tupu. Nilikuwa na aibu, na nilikuwa bado na hasira, vyote pamoja, kama chai uliyotia chumvi kwa makosa. Kupitia ukutani nilimsikia akigeuza kurasa. Anageuza, anasimama, anageuza. Alikuwa anatafuta ukurasa ambao Musili alimwandikisha namna ya kuuliza zaidi: aliyekaa mlangoni ameletwa na nani, ametoka wapi, ni nani anayemwinua kila akianguka.

Saa tano na nusu Ndinda akasimama. Akachukua mtungi, akafunga kamba yake ya kubebea mgongoni.

"Saa sita haijafika," nikamwambia.

"Nitangulie, mama, jua lisinikamate njiani."

Nikamwita. Nikamwita kwa jina, nikamwita kwa ukali, nikamwita kwa kubembeleza. Hakugeuka. Nilijaribu kumfuata na magoti yakanikalisha kwenye lile tope kavu mbele ya kibanda. Nilimwona akipita kwa kinyozi na mgongo wake mpana wa mama mjamzito, akashika njia ya kuteremka bwawani, ile ile njia.

Nilijiburuta mpaka mlangoni kwa Peris. Sikuwa na hasira tena. "Peris," nikasema, "Ndinda ameenda."

Hakugeuka, lakini nilijua amesikia kwa sababu mabega yalipanda. Alikuwa anasoma, kwa sauti, neno kwa neno, kidole kikiwa juu ya kioo. Kiingereza, nambari, Kiingereza, nambari. Haharakishi. Mimi ningeruka. Mtu yeyote ninayemjua angeruka. Alisoma mstari wa kwanza mpaka mwisho, akarudi, akasoma wa pili, na wa tatu ulikuwa wa Kiswahili. Kidole kikasimama hapo.

"Soma," nikamwambia. Mimi, niliyechoshwa na neno hilo.

Akasoma. "Mtungi wa Peris, wa kujifunzia. Usisogeze bila kumwuliza."

Na tarehe ilikuwa ya jioni ile kabla Musili hajaondoka.

Nitakueleza kama yeye alivyonieleza baadaye, kwa sababu wakati ule alikuwa amefunika mdomo kwa mkono na machozi yanateremka kwenye vidole. Musili alikuwa amemtengenezea seva nzima ya pili, nakala ya hii yetu, ndani ya kompyuta ile ile. Ndani yake alitia majina ya kubuni, nyumba za kubuni, kadi za kubuni, ili Peris aivunje atakavyo na asiwepo mtu wa Ekalakala wa kukosa tone la maji. Aliipangia iamke yenyewe kila kompyuta ikiwashwa. Na kwa kuwa alijua anayejifunza huangusha, aliiwekea mlinzi wa kuiinua kila inapoanguka. Ndiyo maana Peris alikuwa anaitoa na inarudi. Haikuwa pepo. Kuna mtu alikuwa amemwamini kwamba ataanguka mara nyingi na ataendelea.

Kitu kimoja tu Musili alikisahau. Alipoinakili seva yetu aliinakili yote, pamoja na nambari ya mlango, na hakuipa ile nakala mlango wake. Kwa kuwa kompyuta haikuzimwa, nakala ililala tu miezi yote hiyo bila kumsumbua mtu. Betri ilipobadilishwa, kompyuta ilipoamka, nakala nayo ikaamka, ikawahi mlangoni kabla ya Peris kufika na maneno yake. Bomba likabisha na kadi ya Peris, nayo ikajibu kwa uaminifu kwamba Peris haimjui.

Peris alijipangusa uso kwa upande wa mkono. Hakuifuta ile nakala. Kwanza alimwambia yule mlinzi aitue chini na asiiinue kwa sasa. Akafungua karatasi ya mipango ya ile nakala, humo humo kwenye kioo, akatoa elfu nane na themanini, akaandika elfu nane na tisini. Akaiamsha hapo, kwenye mlango wake wenyewe, pembeni. Halafu akaiamsha seva yetu.

Ikasema iko tayari.

Alitoka bila kukimbia. Akagusisha kadi ya mtungi wa kwanza kwenye mstari. Kijani. Tulisikiliza maji yakigonga plastiki tupu, halafu sauti ikawa nzito kadiri mtungi ulivyojaa, na susu yule wa nyuma akaanza kuimba wimbo wa kanisa kwa sauti ndogo.

Peris hakungoja ujae. "Mwenyekiti, pikipiki. Ndinda."

Musembi alisema anaweza kwenda peke yake. Peris akamwambia njia ziko mbili na yeye ndiye anajua mwenye haraka hufuata ipi, alizitembea miaka minne. Akapanda nyuma, wakaondoka, vumbi likabaki. Mimi nilikaa chini pale pale. Nilimwomba Mungu kwa Kikamba, na nilimwomba bila kuchagua maneno. Sijui ilikuwa dakika ngapi. Mitungi mitano ilijaa, hiyo niliihesabu.

Walimkuta Ndinda kwenye ule mteremko wa mwisho, ambapo maji yanaonekana. Alikuwa amekaa juu ya mtungi wake anapumzika. Peris alikuwa amemsaidia kupanda pikipiki na yeye mwenyewe akarudi kwa miguu, jua la saa saba kichwani, na mtungi mtupu mgongoni. Nilipomwona anatokea kwa kinyozi nilisimama. Nilitaka kusema kitu kikubwa. Nikasema, "Kuja unywe chai, maji yako sasa." Akasema, "Asante, mwaitu." Mwaitu ni mama yangu, kwa Kikamba. Baada ya yale niliyomwambia mbele ya watu, aliniita hivyo. Nikamjazia kikombe mpaka juu.

Siku ya nne Musili alipanda kilima chake akakuta ujumbe wa Peris, akajibu. Peris alikuja nao kwangu, amefurahi, akaanza kunisomea kwa sauti. "Pole sana. Nilisahau mlango. Nimefurahi umeupata mwenyewe. Lakini Mama Mwangangi hakukuambia? Nilimwachia maneno..."

Akaniangalia. Mimi nilikuwa na kijiko mkononi, nikakiweka chini.

"Alianza kuniambia," nikasema. "Nilimkata. Nilimwambia chai inapoa." Halafu nikasema yale mengine, niliyoyabeba siku nne. "Na yale ya mama yako. Peris, nilikosa. Nimeshaenda kwa Nzisa jana, nimemwambia mwenyewe. Wewe ndiye nilikuwa naogopa kukuambia."

Aliangalia simu, nikajua ana haki ya kusema chochote. Akaitia mfukoni. "Mama aliniambia umeenda," akasema. "Alisema ulimpelekea muthokoi haujaiva." Na akaanza kucheka, na mimi nikacheka huku nalia, kwa sababu ilikuwa kweli, niliutoa motoni mapema kwa haraka ya kwenda kuomba msamaha.

Ndinda alijifungua mwezi uliofuata, msichana, mzima, mwenye sauti yangu. Mwangangi alipokuja kutoka Mavoko kumwona mtoto alienda kioski kabla ya kuja nyumbani. Sijui alimwambia Peris nini, hakunieleza, na kwa mara ya kwanza sikuuliza.

Ile nakala ya kujifunzia bado iko, kwenye mlango wake wa pembeni. Peris anaiangusha karibu kila siku wakati wa chakula, namsikia, inaanguka na inainuliwa. Kuna wanawake wawili sasa anaowafundisha, na ukutani kwangu linapita lile neno, soma, usiruke. Sichoki nalo tena. Wakati mwingine nikiwa na chai jikoni nalisema kimoyomoyo.

Limebaki jambo moja. Miaka yote hii Peris alikuwa anafungulia watu, na wa mwisho akishaondoka ndipo anateka yake. Siku nyingine tangi limeisha, anaenda nyumbani na nusu. Sisi sote tuliona na hakuna aliyesema. Sasa mimi nilinunua mtungi mpya, wa manjano, wa lita ishirini. Kila asubuhi, kabla sijawasha jiko, natoka na magoti yangu haya nauweka bombani, wa kwanza kabisa, mbele ya mitungi yote. Wenyeji wanajua. Lakini hili ni soko, wageni wanapita, na hakosekani mmoja wa kufika mbele akauona umekaa, mtupu, mwenyewe hayupo, akauliza kama inavyotakiwa, "Mtungi wa nani huu?"

Hahitaji kuuliza mara ya pili. Foleni yote inamjibu, kutoka bombani mpaka kwa kinyozi, na mimi kibandani namjibu pia: "Wa Peris. Usisogeze."